Valvu ya majitaka kwenye trela ya mwaka 1967: ipo wapi, na je, ndiyo inayovuja?

Mwenye_Trela_67 anauliza:

Salaam, wanajukwaa. Nina trela ya safari iliyotengenezwa Marekani mwaka 1967, yenye urefu wa futi 18, ambayo niliinunua ikiwa imeegeshwa miaka mingi bila kutumiwa. Bodi yake ni nzima, sakafu ni imara, na nia yangu ni kuirudisha barabarani ikiwa na vifaa vyake vya awali kadiri itakavyowezekana. Kilichonikwamisha ni valvu ya kutolea majitaka.

Upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu, kuna mpini mdogo wa kuvuta wenye umbo la herufi T, na karibu yake kuna mdomo wa bomba uliofungwa kwa kifuniko cheusi cha kuzungusha. Nikiuvuta mpini, unatoka kiasi cha sentimita nne halafu unagoma. Nikiusukuma unarudi, lakini sina hakika kama unafika mwisho. Nikimimina ndoo ya maji chooni, baada ya nusu saa matone ya maji machafu huanza kutoka chini ya kifuniko, moja baada ya jingine, na asubuhi hukuta kidimbwi chenye upana wa sahani. Siku za joto kuna harufu mbaya ndani, hasa karibu na kabati lililo nyuma ya choo.

Nimelala chini ya trela na tochi ili niione valvu yenyewe, lakini tumbo lote limefunikwa kwa bati la alumini lililopigwa ripiti, na kinachoonekana ni kipande kifupi cha bomba jeusi la plastiki kilichotokeza kwenye tundu. Nimelipima bomba hilo kwa nje nikapata milimita 89, yaani inchi tatu na nusu, ilhali valvu zote ninazoziona zikiuzwa ni za inchi tatu au inchi moja na nusu. Naomba kujua valvu hii imejificha wapi, nitaifikiaje bila kuliharibu bati la asili, na kama inatengenezeka au ni lazima ibadilishwe.

---

Fundi_wa_Chini anajibu:

Ndugu yangu, kabla ya lolote, usiuvute tena mpini huo kwa nguvu. Katika trela za umri huo, mpini umeungwa na kisu cha valvu kwa fimbo nyembamba ya chuma, na kisu ni bamba linaloteleza ndani ya mfereji kati ya mipira miwili ya kuziba. Uchafu uliokauka ndani ya mfereji huo hugeuka mgumu kama chokaa. Ukivuta kwa hasira, fimbo itachomoka kwenye kisu, nawe utabaki na mpini mkononi na tangi la majitaka ya choo lililofungwa.

Mimina chooni lita kumi hivi za maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, yaliyochanganywa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uyaache usiku kucha. Kesho yake sogeza mpini kidogo kidogo, mbele na nyuma, bila kuulazimisha, na urudie hata siku tatu ikibidi. Kisu kikifunguka chote, mpini utakuwa umetoka kwa urefu unaozidi inchi tatu kidogo, kwa sababu ni lazima kisu kiliachie tundu lote la bomba. Hizo sentimita nne zako ni nusu ya safari tu. Ni muhimu kazi hii uifanye ukiwa umeegesha mahali panaporuhusiwa kumwaga majitaka, mpira wa kutolea majitaka ukiwa umeshaungwa kwenye mdomo wa bomba, maana valvu iliyogoma wiki nzima hufunguka ghafla. Vaa glavu ndefu na miwani ya kazi.

Sasa kuhusu mahali ilipo. Ndani ya bati huoni, kwa hiyo fuata vitu vinavyoonekana. Cha kwanza ni choo. Katika trela nyingi za miaka ya 1960, choo kilikaa juu ya tangi moja kwa moja, hivyo tangi lipo wima chini ya choo, ama ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, ama chini yake. Cha pili ni bomba la hewa linalotokeza juu ya paa. Hilo huteremka hadi mgongoni mwa tangi, na kwa maelezo yako nadhani linapita ndani ya kabati lile lenye harufu. Cha tatu, ambacho ndicho cha kuaminika zaidi, ni fimbo ya mpini. Trela za siku hizi hutumia waya unaopinda ndani ya ala yake, na valvu inaweza kuwa popote, lakini fimbo ya chuma haipindi kona. Uvute mpini mpaka unapofika, utazame fimbo inaelekea wapi, kisha ufunge uzi kwenye mpini na kuunyoosha chini ya bati kwa mwelekeo uleule. Mahali uzi utakapokutana na mstari wa bomba la kutokea ndipo valvu ilipo. Weka alama kwa chaki.

Bati usilikate. Toboa vichwa vya ripiti kwa keekee yenye ncha inayolingana na unene wa msumari wa ripiti, kichwa kitatoka kama pete na bati litashuka likiwa zima. Ukimaliza utapiga ripiti mpya katika matundu yaleyale. Fungua upande mmoja tu na uuache uning'inie, ukiwa umeutegemeza kwa kipande cha mbao. Huenda ukakuta pamba ya kuzuia baridi iliyolowa majitaka pamoja na viota vya panya. Vyote hivyo vitoe uvitupe, usijaribu kuvikausha.

Mambo mawili ya usalama sitayapita. Trela ikae juu ya stendi imara, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa kabari, usilale chini yake ikishikiliwa na jeki peke yake. Vilevile tangi lisuuzwe mara kadhaa kabla hujawasha keekee karibu nalo, kwa kuwa majitaka hutoa methani inayoshika moto, pamoja na gesi ya sumu yenye harufu ya mayai yaliyooza.

---

Bomba_Nyoofu anajibu:

Naomba niongezee suala la kipimo, kwa sababu nimeona watu wakirudisha valvu nzima dukani kwa kosa hili. Mabomba haya hayaitwi kwa upana wa nje. Bomba la plastiki ya ABS linaloitwa la inchi tatu lina kipenyo cha nje cha inchi tatu na nusu, yaani hizo milimita 89 ulizozipata. Lile la inchi moja na nusu, ambalo hutumika kwa maji ya sinki na bafu, lina kipenyo cha nje cha milimita 48. Kwa hiyo valvu yako ni ya inchi tatu, kipimo cha kawaida kabisa cha tangi la choo.

Jambo la pili ndilo linalonifanya niandike. Umesema maji yanatoka chini ya kifuniko, lakini hujathibitisha kwamba yanatoka kwenye tangi la choo. Trela nyingi za wakati huo hazikuwa na tangi la maji ya sinki. Maji ya sinki na bafu yalishuka moja kwa moja hadi kwenye bomba la kutokea, yakaungana nalo baada ya valvu, yaani upande wa nje. Katika mpangilio huo, maji yaliyotuama kwenye bomba la sinki yatadondoka kifunikoni hata kama valvu ya choo ni nzima kama mpya.

Nunua rangi ya chakula ya aina mbili. Tia nyekundu katika maji ya sinki na buluu katika maji ya chooni, siku tofauti, kisha weka sahani nyeupe chini ya kifuniko. Rangi itakayoanguka kwenye sahani ndiyo itakayokuambia uhangaike na nini. Ukiona buluu kifunikoni, kisu hakifungi. Ukiona buluu ikichuruzika kwenye bati mbali na kifuniko, basi ni maungio ya valvu au tangi lenyewe limepasuka, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

---

Safari_Polepole anajibu:

Mimi nina njia fupi. Zipo valvu za ziada zinazofungwa kwa nje, kwenye zile pembe mbili ambazo kifuniko hujishika nazo. Unazungusha tu, inakaa, na uvujaji wako umekwisha bila kugusa bati wala ripiti. Nimetumia ya aina hiyo misimu miwili na haijanisumbua.

---

Fundi_wa_Chini anajibu:

Nakubaliana nawe nusu, ndugu Safari_Polepole. Valvu ya nje ni msaada mkubwa sana wakati wa kulegeza ile ya ndani, kwa sababu hata kisu kikifunguka ghafla, wewe ndiye unayeamua lini maji yatoke. Mwuliza swali aifunge mapema, kabla ya kuanza kuloweka.

Lakini kuifanya dawa ya kudumu si sawa, na nasema hivi kwa kuwa nimeyasafisha matokeo yake. Valvu ya ndani ikiendelea kuvuja, kipande chote cha bomba kilicho kati ya valvu mbili hujaa majitaka na kukaa hivyo siku zote. Kwenye baridi ya kugandisha maji, kipande hicho huwa cha kwanza kupasuka. Isitoshe, kwenye trela isiyo na tangi la maji ya sinki, majitaka hayo yanaweza kupanda taratibu kupitia bomba la sinki hadi kwenye sakafu ya bafu, ambayo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Mwenye trela akiamka na kukuta hivyo, hatakumbuka tena urahisi wa kuzungusha.

---

Mwenye_Trela_67 anaandika:

Nawashukuru nyote. Imepita wiki moja na nimefuata maelekezo kwa mpangilio wake, kwa hiyo naomba niwaeleze nilichokikuta.

Nilianza na rangi. Nyekundu ya sinki haikuonekana kwenye sahani baada ya kusubiri saa nzima, lakini nilipofungua kifuniko ilimwagika yote pamoja, kumbe kweli sina tangi la maji ya sinki na bomba lake linaungana nje ya valvu kama alivyosema Bomba_Nyoofu, isipokuwa kifuniko kina mpira mzuri kiasi cha kuyazuia maji machache. Buluu ya chooni ilifika kwenye sahani ndani ya dakika ishirini na tano. Zaidi ya hapo, nilipopapasa chini ya bati kwa karatasi nyeupe ya kufutia, ilitoka na doa la buluu mahali palepale uzi na bomba vilipokutana. Kwa hiyo navuja mara mbili: kisu hakifungi, na ungio mojawapo la valvu limeachia.

Valvu ya nje niliifunga, nikaloweka siku tatu, na siku ya tatu mpini ulitoka wote kwa mkupuo mmoja. Nilisuuza tangi mara tano. Kisha nikashusha bati kwa kutoa ripiti kumi na nne. Valvu ipo sentimita sitini kutoka mpinini, imebanwa kati ya flanji mbili (pete pana za mwisho wa bomba) kwa bolti nne, na bolti zote zimeshikwa na kutu hata nati haitambuliki pembe zake. Flanji ya upande wa tangi imegundishwa kwenye shingo fupi ya bomba, kama sentimita tano tu kutoka ukuta wa tangi. Nilichungulia kwa kioo kidogo: kwenye mfereji wa kisu, upande wa chini, kuna ukoko wa kahawia wenye unene wa sarafu, na ukingo wa mpira umepasuka kama udongo uliokauka.

Kuhusu harufu, Fundi_wa_Chini ulilenga. Bomba la hewa limechomoka kwenye mpira wake mgongoni mwa tangi, ndani ya kabati lile, na lilikuwa linaelea hewani likiwa limeacha nafasi ya kidole. Nimeweka mpira mpya na kulirudisha mahali pake.

Swali lililobaki ni namna ya kuitoa valvu bila kuvunja ile shingo fupi, na kama inafaa nibadilishe mipira pekee.

---

Bomba_Nyoofu anajibu:

Hongera kwa kazi ya uangalifu. Kwa hali uliyoieleza, badilisha valvu nzima. Mipira inapatikana peke yake, na ningekushauri hivyo kama kisu na mwili wake vingekuwa laini, lakini ukoko wa miaka mingi huacha mikwaruzo kwenye kisu, na mpira mpya ukisugua juu ya mikwaruzo utachakaa haraka. Valvu mpya ya plastiki haina gharama kubwa ikilinganishwa na kulishusha bati mara ya pili.

Bolti usizizungushe. Spana ikiteleza, nguvu yako yote itaishia kwenye ile shingo ya sentimita tano, na plastiki ya umri huo hukatika bila onyo. Pitisha msumeno mwembamba wa chuma kati ya flanji na mwili wa valvu, ukate bolti moja moja, huku mkono mwingine ukilishika bomba lisitikisike. Kabla ya kununua, pima umbali kati ya katikati ya tundu moja la bolti na jingine, kwa sababu flanji za kale hazilingani zote na za sasa. Zikilingana, kazi ni nyepesi. Zisipolingana, usiikate shingo karibu na tangi. Kata flanji upande wa nje tu wa gundi yake, ubakishe shingo yote unayoweza kuibakisha, kisha utumie kiungio cha mpira mnene chenye klempu mbili za chuma kisichoshika kutu. Ukilazimika kugundisha flanji mpya, hakikisha gundi ni ya ABS. Gundi ya mabomba meupe ya PVC haiyeyushi ABS ipasavyo, na ungio litaonekana limeshika mpaka siku tangi litakapojaa.

---

Fundi_wa_Chini anajibu:

Niseme kuhusu kuingiza valvu mpya, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kila uso wa valvu una mpira wake, na mpira huo una mdomo unaokaa ndani ya flanji. Nafasi kati ya flanji mbili haitoshi, hivyo ukisukuma valvu kwa nguvu, mpira wa upande usiouona hujikunja na kutoka kwenye mfereji wake. Utafunga bolti, utaona kila kitu kimekaa, na kitavuja siku ileile.

Futa flanji zote mbili mpaka zing'ae. Paka mipira utando mwembamba wa grisi ya silikoni, ambayo itaishikilia isianguke na kuifanya iteleze. Usitumie grisi ya gari wala mafuta ya mgando ya kujipaka, kwa sababu mafuta ya aina hiyo huvimbisha na kulainisha mpira. Valvu iwe imefungwa. Tanua bomba la upande wa nje kwa kabari ya mbao, kiasi cha milimita chache tu, uingize valvu ikiwa imenyooka, kisha pitisha kidole kuzunguka mshono wote wa pande mbili. Kidole kikigusa uvimbe mahali popote, itoe na uanze upya. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, uzikaze kwa kupishana pembe kwa pembe, kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ukizidisha, mwili wa plastiki utapinda na kisu kitaanza kuwa kizito.

Fimbo ya mpini ikae mlalo, au ielekee juu kidogo ikiwa nafasi inaruhusu. Ikielekea chini, mfereji wa kisu unakuwa bakuli la kukusanyia taka, na nashuku kwamba ndivyo ulivyopatikana ule ukoko wako.

Bati usilirudishe siku hiyo. Jaza tangi kwa maji safi yenye buluu yako, uweke karatasi kavu chini ya valvu, uache saa 24.

---

Mwenye_Trela_67 anaandika:

Matundu ya flanji yamelingana na valvu mpya, namshukuru Mungu, kwa hiyo sikulazimika kukata shingo. Bolti tatu zilikatika kwa msumeno vizuri. Ya nne ilikuwa kwenye pembe ambayo msumeno haukupata nafasi, nikaikata kwa bamba tupu la msumeno lililofungwa kitambaa upande mmoja, kazi iliyochukua karibu saa mbili.

Mara ya kwanza kuingiza valvu, kidole changu kilikuta uvimbe kwenye mshono wa juu upande wa tangi, mahali ambapo macho yasingefika hata kwa kioo. Nilipoitoa, mpira ulikuwa umejikunja kwa urefu wa ukucha. Mara ya pili mshono ulikuwa sawa pande zote. Fimbo ya zamani niliisafisha kutu na kuiunga na kisu kipya, na mpini wa asili umebaki mahali pake. Nimetia kipande cha bomba jembamba kama mwongozo ili fimbo isilalie bati.

Tangi limekaa na maji ya buluu tangu jana asubuhi. Nimeingia chini sasa hivi kabla ya kuandika haya: karatasi zote tatu, ya flanji ya tangi, ya flanji ya nje na ile ya chini ya kifuniko, ni kavu na nyeupe. Kesho napiga ripiti.